Taya la mtoto likivimba, si jino kila mara

Wazazi, mtoto wa miaka minne hadi tisa akivimba taya, na meno yakalegea bila kuoza wala kugongwa, msikimbilie kung'oa. Inaweza kuwa limfoma ya Burkitt, saratani ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Huonekana zaidi kwenye maeneo yenye malaria nyingi, na virusi vya Epstein-Barr vina mchango wake.

Kinachotisha ni kasi. Seli zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo wiki mbili za kumpa panadol na kusubiri ni nyingi mno! Jicho kutokeza au tumbo kujaa, dalili pia.

Kuthibitisha ni lazima kukata kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe maabara. Hapa ndipo mengi huharibika: kinawekwa kwenye formalini (maji ya dawa ya kukihifadhi kisioze) kidogo, katikati kinaoza, maabara wanashindwa kusoma. Kinatakiwa kuzama kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya kipande chenyewe, chupa yenye mdomo mpana.

Dawa za saratani huuyeyusha uvimbe huu upesi, na watoto wengi hupona wakiwahi. Lakini seli nyingi zikifa kwa pamoja, potasiamu na asidi ya yuriki hupanda kwenye damu, figo zikashindwa kazi. Ndiyo maana mtoto huwekewa dripu na kupewa alopurinoli, dawa ya kuzuia asidi hiyo isipande, kabla ya dozi ya kwanza, mkojo wake ukipimwa. Msione wanachelewesha matibabu. Hayo ndiyo matibabu yenyewe yameanza.