Kitabu Changu, Kitabu Yangu

"Mwalimu, shikamoo. Mkufunzi amekuja leo."

Mkufunzi huyo wa chuo, aliyekuja kumkagua akifundisha, tulikuwa tumemtarajia Alhamisi, na ile ilikuwa Jumanne. Mwalimu tarajali wangu, binti mmoja, alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi ya walimu, amezikumbatia chati zake za manila, moja imekunjika pembeni kwa msongamano wa bodaboda. Nikamwambia aingie anywe chai kwanza. Hakuingia.

Hii ilikuwa Busia, mpakani na Kenya, upande wetu wa Uganda, Julai 2022. Mgomo wa sisi walimu wa masomo ya sanaa ulikuwa ndio kwanza umekwisha. Wenzetu wa sayansi wenye digrii walikuwa wameahidiwa shilingi milioni 4 za Uganda kwa mwezi, nasi tukarudi darasani na nyuso zetu zilezile. Mwezi huohuo baraza la mawaziri likatangaza kuwa Kiswahili kitakuwa cha lazima kuanzia shule za msingi. Tulicheka ofisini. Vitabu vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole.

Asubuhi hiyo, kabla ya mkufunzi kuingia darasani, nilikuwa nimeshaharibu jambo. Kipindi cha kwanza kelele zilipopanda, niliinuka, nikaichukua chaki mkononi mwa binti wa watu na kuwatuliza wanafunzi mwenyewe. Walitulia, ndiyo. Lakini tangu hapo kila alipouliza swali, macho yote yalinigeukia mimi. Tulipotoka barazani aliniambia kwa adabu, bila kunitazama usoni, "Mwalimu, kipindi kijacho naomba ukae nyuma. Hata nikizama."

Kipindi kijacho kilikuja na balaa lake. Walimu wawili walikuwa wamekwenda msibani, kwa hiyo mwalimu mkuu akaiunganisha mikondo miwili ya kidato cha kwanza. Watoto zaidi ya 130 katika chumba kimoja. Mimi nilibanwa kwenye benchi la nyuma na wanafunzi wanne, mkufunzi akapewa kiti karibu na dirisha lisilo na kioo.

Somo lilikuwa ngeli ya KI-VI. Alianza vizuri: kiti changu, viti vyangu, kisu changu. Ndipo akasimama kijana mmoja mkubwa. Shule zilikuwa zimefunguliwa kikamilifu Januari, baada ya kufungwa na kufunguliwa nusunusu kwa ajili ya korona tangu Machi 2020, na wengi walirudi wakiwa watu wazima. Huyu alikuwa amekipitisha kipindi hicho akisukuma mkokoteni mpakani.

"Mwalimu, sisi huku tunasema kitabu yangu. Na pesa tunapata."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Nami jibu nilikuwa nalo, lile nililolitoa miaka yote: hayo ni makosa, keti. Nikainuka nusu, benchi likalia. Binti akanitupia jicho mara moja tu. Nikaketi.

Yeye ni wa huko Masaka, Kiswahili chake ni cha chuo, na kijana yule alimzidi kwa mbali kwa ulimi. Akamuuliza, "Kiganda unakijua?"

"Nani hapa hakijui?"

"Kitabu chako unakiitaje?"

"Ekitabo kyange."

"Si ekitabo yange?"

"Nedda!" Nusu ya darasa ilimjibu.

"Vikiwa viwili?"

"Ebitabo byange."

Akaigeuza chati, akaandika upande wa nyuma: kyange, changu, byange, vyangu. Chini yake, bila kuambiwa na andalio la somo, omuti gwange, mti wangu. Emiti gyange, miti yangu. Kijana akapiga meza. "Hapo yangu imepata!"

Nilikuwa nimefundisha ngeli kwa kukaririsha kwa miaka kumi na moja, katika mji ambao kila mtoto anazo ngeli kinywani tangu kwa mama yake. Haikuwahi kunijia.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Na sisi Wateso je?" Kiteso hakina ngeli za namna hiyo. Binti alifungua kinywa, na mvua ikashuka juu ya mabati.

Mtu asiyesomea chini ya mabati hajui ninachosema. Hakusikika mtu tena. Mkufunzi alihamisha kiti, fomu zake zimelowa. Binti akaandika ubaoni "Njooni mmoja mmoja", akatoa chaki. Kwa dakika ishirini hivi niliiona tu chaki ikipita mkono kwa mkono. Kijana wa mpakani aliandika "mkokoteni yangu". Akasimama akiyatazama maneno yake. Akafuta "yangu" kwa kiganja, akaandika "wangu", kisha chini yake, kwa herufi kubwa, "MIKOKOTENI YANGU".

Mvua ilipopungua, mkufunzi alimwambia kwamba andalio la somo halikufuatwa. Alama alizompa sikuonyeshwa, nami sikuuliza.

Uji ulichelewa hadi karibu saa saba kwa sababu kuni zililowa. Tulikunywa tumesimama jikoni, karibu na moto, viatu vyetu vikitoa mvuke.

"Mwalimu, Kiteso unakijua?"

"Kidogo. Cha sokoni."

Akatoa daftari mfukoni. "Basi nianzishie hichohicho."