Ulimwona?

Neno moja tu, na limenikwama kooni tangu Jumamosi kama mwiba wa samaki. Jumanne nimefaulu mahojiano ya uraia (asanteni kwa meseji, nitajibu), kazini wametukata saa nane kwa wiki, Mama Neema amepona mafua. Yote hayo yamepita. Lililobaki ni Mzee, ninayetoka naye na mbwa kufuata puma, amesimama kwenye theluji, mkono mmoja kiunoni, ananiuliza: "Ulimwona?"

Nikamjibu, "Nilidhani ni kulungu."

"Sikukuuliza ulidhani nini."

Akageuka, akaanza kushuka korongoni kumfuata June, mbwa wake. Hakupandisha sauti. Angefoka ningekuwa nimeshasahau.

Mnajua tunavyokwenda: mbwa tunao, bunduki hatuna. Puma, yule paka mkubwa wa milimani, akishapanda mti tunampiga picha, tunawafunga mbwa, tunarudi nyumbani. (Simwiti simba tena. Mjomba kule Kigoma bado ananiuliza kama ananguruma. Hangurumi, Mjomba, hukoroma kama paka wa nyumbani.) Jumamosi ilikuwa siku ya kwanza ya mbwa wangu Pilipili kufunguliwa kweli kweli. Ana miezi 11. Pamoja naye alikuwa Chapati, miezi 14, yule mweupe mwenye madoa ya kuungua, na June wa Mzee, miaka minane, ambaye ndiye mwalimu. Mkubwa mmoja kwa wadogo wawili, usizidishe. Ukifungua wadogo wanne kwa pamoja, anayepiga kelele nyingi ndiye anayefuatwa, na mara nyingi huyo ndiye asiyejua kitu.

Unyayo tuliupata barabarani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upande wa magharibi wa bonde la Bitterroot, hapa Montana, Marekani. Theluji ilikuwa imekoma kuanguka saa nane usiku, na ndani ya unyayo hamkuwa na hata chembe mpya, kwa hiyo alipita baada ya saa nane. Hesabu hiyo ni bora kuliko macho makali. Ukitaka kuhakikisha, pitisha kidole ukingoni: ukimeguka kama unga, ni mbichi, ukivunjika kama ganda la sukari, umeshalala. Ila kwenye baridi kali ganda hushika mapema, kwa hiyo kidole peke yake hukudanganya. Vidole vinne, hakuna alama za kucha, na ukingo wa nyuma wa kisigino umegawanyika sehemu tatu. Tuliufuata kwa miguu kama mita 200, mbwa wadogo wakiwa kambani. Huo si uvivu wa kufungua. Kwanza unatafuta kama kuna nyayo ndogo pembeni, maana jike huzaa mwezi wowote, na mwenye watoto haguswi. Pili unatafuta mbwamwitu: unyayo wenye kucha, urefu wake unaopita sentimita 10. Ukiuona huo, mbwa wanarudi garini, na siku imekwisha. Mbwamwitu wakisikia mbwa wanabweka kwenye eneo lao huja kuua. Tatu unahakikisha mnyama ameelekea wapi, kwa sababu mbwa mchanga akifunguliwa vibaya atafuata harufu kinyumenyume, kwa furaha zote, mpaka pale puma alipolala jana.

June alifunguliwa peke yake. Alipotoa sauti yake ndefu mara tatu, nne, na mstari wa kola yake kwenye skrini ya GPS ukanyooka, ndipo tukawaachia wadogo. Dakika tano hivi. Mpaka hapo hakuna aliyekosea.

Sasa hapa ndipo ninaporudi kila usiku.

Mbwa anayefuata harufu ya saa nyingi huenda polepole, kilomita tatu au nne kwa saa, na alama yake kwenye GPS huchora kama mtu aliyepoteza ufunguo: anasimama, anarudi, anazunguka gogo, anapita chini ya jabali. Puma hapiti njia rahisi. Hutembea juu ya mti ulioanguka, huruka kutoka mwamba hadi mwamba, na pale harufu hukatika. Mbwa mkubwa hurudi aliponusa mara ya mwisho, akapanua duara. Mchanga hupitiliza mita mia, anasimama mahali pasipo na kitu, na anabweka tu kwa sababu moyo umejaa. Usikimbilie kumsaidia. Mpe robo saa. Ukimwonyesha kila mara, atajifunza kukutazama wewe badala ya kunusa.

Anayefukuza kulungu ni kitu kingine kabisa. Mstari mrefu, kilomita 20 kwa saa na zaidi, hasimami. Kulungu wa huku, wale wenye masikio kama ya punda, ndio ugonjwa wa kila mbwa mchanga, kwani wako kila mahali na wanakimbia, na kinachokimbia ni kitamu.

Pilipili alimwacha June akakata kushoto, akashuka. Kimya, hakubweka. Skrini ikasoma 9, ikasoma 15, ikasoma 22. Nikabonyeza rimoti ya kola yake ya umeme, kiwango cha sita. Hakusimama. Nikabonyeza tena. Akasimama.

Tulipofika, theluji ilikuwa imeandika kila kitu, na mtoto wa darasa la kwanza angesoma. Hatua 40 tu kutoka pale alipomwacha June palikuwa na mzoga wa kulungu, umefukiwa kwa theluji na majani ya msonobari, kama puma afanyavyo akishiba. Puma alikuwa amelala pembeni yake. Alipomsikia June aliruka, na kati ya nyayo za mruko mmoja na mwingine palikuwa na mita nne au tano, kuteremka. Juu ya nyayo zile, vidole vya Pilipili. Alikuwa ameinua pua, akashika harufu hewani, akaacha njia ya usiku kwa sababu mwenye njia yupo hapa. Ndiyo maana alikimbia. Puma anayeshtuliwa hukimbia kama kulungu, ila kwa muda mfupi. Mapafu yake ni madogo, mita mia kadhaa na yuko mtini. Ningengoja dakika mbili, skrini ingeniambia.

Na uchungu wenyewe ni huu. Mbwa haunganishi maumivu na kosa lake. Huyaunganisha na kile kilichomo puani sekunde ile. Puani mwa Pilipili palikuwa na harufu moto kuliko zote alizowahi kuonja, ile ile niliyokaa miezi sita nikimfundisha aipende. Mimi nikaitia moto.

Kola ya umeme si mbaya. Inafungwa juu ya shingo karibu na taya, vidole vyako viwili vipite, ncha zake mbili ziguse ngozi na si manyoya. Ikikaa shingoni zaidi ya masaa manane itoe, vinginevyo inachimba vidonda. Unaanza kiwango cha chini kabisa ambacho mbwa anatikisa sikio tu. Na somo la kulungu hufundishwa nyumbani, kabla ya msimu: jioni, kulungu wako malishoni, wewe unamwona kulungu, mbwa anamwona kulungu, mbwa anaanza kuondoka, unabonyeza. Hapo hapo. Na unanyamaza. Usiite jina lake, usiseme "acha". Anatakiwa aamini kwamba kulungu ndiye aliyemuuma. Haya yote niliyafanya Septemba na Oktoba. Mara nne Pilipili aligeuza uso. Kumbe mbwa alikuwa amelielewa somo kuliko mwalimu.

Porini sheria ni fupi: uone kulungu mwenyewe anakimbia mbele ya mbwa, au uone nyayo zake na za mbwa juu yake. Skrini haioni kulungu. Skrini inaona kola.

"Ulimwona?"

June alimpandisha puma mtini nusu saa baadaye, msonobari mkubwa ulioegemea mwamba. Chapati alifika na kubweka kwa nguvu zote kwenye mti mwingine, mita 30 pembeni, mti mtupu. Hilo si baya kwa umri wake. Alisikia June, akataka naye awe na mti. Baya ni ukimsifu. Unamshika kimya kimya, unampeleka kwenye mti wenye mnyama, unangoja ainue pua mwenyewe, akibweka hapo ndipo unampapasa. Mbwa wa kufuata sauti za wenzake wako wengi, na hutamjua mpaka siku umfungue peke yake kwenye harufu rahisi. Asiyejua atakuja kukaa miguuni pako.

Tuliwafunga kwa minyororo kila mmoja kwenye mti wake, upande wa juu, mbali na pale puma angerukia. Hiyo hufanywa kwanza, kabla ya kamera, kabla ya chai. Kwa darubini alikuwa dume: doa jeusi la duara, ukubwa wa sarafu, sentimita kama 12 chini ya mkundu. Jike hana. Ndani ya miguu ya mbele bado alikuwa na mistari hafifu, kwa hiyo si mzee. Ndivyo watafiti walivyofanya kwenye bonde hili hili, mbwa wanapandisha puma mtini, mtu anampiga mshale unaochomoa kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya vinasaba, puma anaachwa. Dakika 15 zikatosha. Mbwa huongozwa kwa kamba mpaka mbali, mita 300 au zaidi, vinginevyo mchanga atageuka na kurudi, na safari hii puma atakuwa chini.

Pilipili hakuja mtini. Alibaki chini ya mti wake, mkia chini ya tumbo, theluji imemganda kati ya vidole. Nilimbeba. Kilo 24 si mchezo kwenye mteremko, na nilifurahi kwamba ni nzito.

Nimeandika mpaka hapa Jumatano. Leo ni Ijumaa na nimekasirika.

Usiku wa jana kazini, nikipanga trei, nililirudia lile tukio tena tangu mwanzo, si tangu mwisho. Na kabla ya kidole changu kubonyeza, Mzee alikuwa begani kwangu akiitazama skrini. Namba iliposoma 15, alisema, "Huyo kulungu." Akasema! Kwa sauti ile ile isiyopanda. Nimelisikia tena kama lilivyokuwa, pamoja na mvuke uliomtoka mdomoni. Yeye naye hakumwona. Yeye mwenye miaka 40 ya mbwa alidhani, mimi mwenye miaka miwili nikabonyeza, halafu swali likaja kwangu peke yangu.

Nimejizoesha kumwambia. Ndani ya gari, kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili linatoka vizuri: "Mzee, samahani, lakini na wewe ulisema." Kwa Kiingereza linatoka kama mtoto anayeshtaki. Mama Neema ananiambia niache, mtu mzima hashikwi ulimi. Halafu akauliza rimoti ilikuwa mkononi mwa nani. Sikumjibu, nikaenda kuwapa mbwa chakula.

Haya, Pilipili. Kola ninamvisha, ile ya kumfuatilia tu, ya umeme imelala kabatini mpaka mwisho wa mwezi ujao. Jumatatu Mzee alileta ngozi ya puma kutoka kwenye friza yake, bila maneno (labda hayo ndiyo maneno). Nimeifunga kamba, nikaiburuta mita 150 nyuma ya banda, nikaining'iniza kwenye tawi. Mara mbili tu, hazidi. Mbwa akiburutiwa ngozi mara nyingi huanza kufuata harufu ya viatu vyako, na porini puma hawavai viatu. Jumatatu alifika nusu, akalala. Jana alifika mpaka chini ya tawi, akasimama na mkia chini, akanusa gome la mti, akaniangalia. Nikatazama pembeni, kana kwamba sina haja naye. Akabweka. Mara moja, kifupi, akajishtua mwenyewe. Sikumpapasa haraka. Nilihesabu mpaka tano, na mikono ilikuwa inatetemeka, na si kwa baridi.

Theluji ikija tena, atatoka na June peke yake, Chapati abaki. Harufu ya asubuhi hiyo hiyo au tusitoke. Na nitamwachia baada ya June kuwa mtini tayari, ili jambo la kwanza alione likiwa limekamilika.

Nje sasa ni 24 chini ya sifuri. Mwenye nyumba alisema tuache bomba la jikoni lidondoke usiku kucha ili lisigande, na linadondoka, na nimefungua mlango wa kabati la chini ya sinki ili joto liingie. Lakini matone yamepungua. Nimekaa na simu nikihesabu: sekunde tano, tone moja. Saa moja iliyopita zilikuwa sekunde mbili.