Siku yangu moja na tangazo la dawa ya presha

Saa 11 alfajiri nishaamka, nikaswali, chai ya harakaharaka mbio feri ya Likoni kabla watu hawajajaa, maana jarida letu la madaktari linaenda kuchapwa kesho na matangazo bado hayajapita kwangu. Mimi mfamasia, kazi yangu ni kusoma kila tangazo la dawa neno kwa neno.

Saa 2 niko ofisini Moi Avenue, mahamri na mbaazi mezani, nafungua la kwanza. Enalapril, dawa ya presha, ukurasa mzima. Picha ya dada wa miaka 28 hivi anacheka ufuoni, jina la biashara kubwa jekundu, neno enalapril lenyewe ulitafute. Nikatoa rula. Sheria ya Marekani inataka jina halisi lisipungue nusu ya ukubwa wa jina la biashara, nasi tunatumia kipimo hichohicho, hili hata robo halifiki. Nikashuka chini kwenye maandishi madogo kama sisimizi, kijivu juu ya kijivu: kwenye madhara kikohozi kikavu kipo, kuvimba midomo na uso kupo, onyo la mimba halipo. Halipo kabisa! Dawa hii inaweza kuharibu figo za mtoto tumboni, hata kumuua, na picha waliyoweka ni ya msichana wa umri wa kuzaa. Niliitazama sana ile picha.

Vigezo vya WHO, Shirika la Afya Duniani, vya 1988 vinasema wazi tangazo la madaktari liwe na kiambato na kiasi chake, matumizi yaliyoidhinishwa, kipimo, madhara, maonyo, dawa zinazogongana nayo na anwani ya mtengenezaji. Afu kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu walichoambatanisha ni cha tangazo la zamani, picha nyingine maneno mengine.

Saa 5 wakala wa tangazo hilo akapiga. "Dadangu, mteja ashalipa, na anataka tangazo litazamane na ile makala ya presha."

Nikamwambia kakangu, hilo haliwezekani, tangazo halikai ubavuni mwa makala inayoizungumzia dawa hiyohiyo, wahariri wa ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, wamelikataza, na mhariri wetu ndiye mwenye neno la mwisho. Na hii "hupunguza hatari kwa nusu" mliyoandika kwenye tangazo ni nusu ya nini? Kutoka wagonjwa 2 kati ya 100 hadi 1 pia ni nusu, niandikie hizo namba.

"Lakini wasomaji ni madaktari, wanajua."

Hapo ndo huwa nakasirika. Mamangu alikohoa miezi mitatu akinunuliwa dawa ya kikohozi chupa baada ya chupa, hakuna aliyemuuliza anatumia tembe gani ya presha, mpaka mfamasia wa duka la mtaani akauliza. Ikabadilishwa, kikohozi kikaisha. Aliyemwandikia alikuwa daktari, na daktari naye ni binadamu, ana foleni nje ya mlango, anakumbuka alichokiona kwa herufi kubwa.

Mchana wali wa nazi na samaki, afu matangazo mengine manne, hayakuwa na neno.

Saa 10 jioni lile la enalapril likarudi. Onyo la mimba sasa limo kwenye kisanduku, herufi nyeusi, yule dada ametolewa. Nikashukuru. Ila namba za "nusu" hakuna na kibali kipya hakuna, kwa hiyo toleo hili halimo. Mhariri akakubali bila maneno mengi, ukurasa wao tukaweka ile fomu ya manjano ya kuripoti madhara ya dawa.