Mwezi Nao Huanguka

Jana jioni, tukiwa tumeketi barazani hapa Bukavu huku mwezi mpevu ukitandaza nuru yake juu ya Ziwa Kivu, binti yangu aliniuliza: "Papa, mbona mwezi hauanguki ziwani?" Nilimjibu kwamba unaanguka, tena bila kukoma. Jiwe ukiliachia, katika sekunde ya kwanza huanguka karibu mita 5. Mwezi, ulio mbali na kitovu cha Dunia takriban mara 60 kuliko sisi, hupata mvutano uliodhoofika mara 60 kwa 60, yaani mara 3,600, na kwa hiyo huanguka kama milimita 1.4 tu. Lakini katika sekunde hiyo hiyo huwa umekwenda upande karibu kilomita 1, hivyo njia yake hupinda kiasi cha kuizunguka Dunia badala ya kuigonga. Hesabu hii, ambayo Isaac Newton aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1687, hunisisimua kila niifanyapo kwa kalamu. Sayari nazo hulizunguka Jua kwa kanuni hiyo hiyo.

Binti yangu aliokota jiwe dogo, akalirusha mbele kwa nguvu zake zote, akalitazama likipinda hadi likatua migombani.