Nilivyowafundisha wanafunzi wa ukunga kumpa mtoto mchanga hewa

Mkunga anayekabidhiwa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo hapunguziwi zamu, na kwa sababu hiyo wengi wetu hufundisha juu kwa juu: tazama, kisha fanya. Kwa kazi ya ambu, yaani mfuko wenye barakoa unaominywa ili kumpa hewa asiyepumua, njia hiyo haitoshi. Mtoto asiyepumua anatakiwa awe ameanza kupewa hewa ndani ya dakika ya kwanza ya maisha yake, na hapo hakuna anayeweza kusimama kutoa maelezo. Kwa hiyo nilihamishia somo kwenye meza ya pembeni, kwa mwanasesere wa mafunzo, nikifuata hatua nne alizozieleza daktari wa upasuaji Rodney Peyton mwaka 1998.

Kwanza nilitenda yote kwa kasi ya kawaida bila kusema neno, jambo ambalo kwa mwalimu ni gumu kuliko linavyoonekana. Kisha nilirudia polepole, nikitaja kila tendo na sababu yake.

Hatua ya tatu ndiyo iliyobeba somo lenyewe: mwanafunzi hashiki chochote, bali ananielekeza, nami natenda alichosema tu, hata kama amesahau jambo. Mmoja aliniambia, "Sista, weka barakoa usoni, halafu minya." Nikaweka, nikaminya, kifua kikabaki vilevile. Nilinyamaza. Akainama kukitazama, kisha akasema, "Ngoja, Sista, shingo imekunjwa. Inyooshe kidogo, barakoa ifunike kidevu, mdomo na pua, isifike machoni." Kifua kikainuka, naye bila kuulizwa akaanza kunihesabia mwendo wa pumzi 40 hadi 60 kwa dakika.

Naamini hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa inaonekana kupoteza muda, ilhali ndiyo pekee inayomwonyesha mwalimu kilichomo kichwani mwa mwanafunzi kabla mikono yake haijafika kwa mtoto wa mtu. Baada yake, hatua ya nne, ya mwanafunzi kutenda mwenyewe, ilikwenda haraka.

Mrejesho niliutoa faraghani, mbali na akina mama waliojifungua, nikianza kwa kumuuliza mwanafunzi ameonaje kazi yake. Kwa kuwa stadi hii hufifia isipotumiwa, nilimwomba msimamizi wa wodi mwanasesere asifungiwe kabatini, naye akakubali akae karibu na meza ya watoto, ambapo anayeingia zamu humfanyia mazoezi kabla ya makabidhiano.