Kadi zimejaa, simu hazipigwi

Kila mwaka vyuo vikifunguliwa, Oktoba mpaka Novemba hivi, fellowship zote, yaani vikundi vya wanafunzi Wakristo, zinakuwa bize na mwaka wa kwanza. TAFES, USCF, CASFETA, kila mtu ana ibada yake ya kukaribisha wageni, kwaya inaimba, mhubiri anahubiri, watu wanakata shauri kumfuata Yesu, halafu zinapita kadi za kujaza jina na namba ili mtu atafutwe baadaye. Usiku huo kwenye grupu la viongozi inarushwa picha ya bunda la kadi limefungwa rababendi, amina zinashuka kama mvua. Sasa njoo Ijumaa uulize wangapi wameshapigiwa simu. Kimyaaa.

Mi msimamo wangu uko wazi, kadi ambayo mwenye nayo hajatafutwa ndani ya siku mbili ni bora asingesumbuliwa kuijaza. Wiki ile ya kwanza fest yia hana mtu, anazunguka na usajili, chumba hajapata, bumu (hela ya mkopo) halijaingia, yeyote atakayemwita kwa jina anamkumbuka. Ikifika wiki ya tatu ana washkaji wake, ana ratiba yake, na wengine wameshanunua laini mpya za chuo kwa ajili ya bando, ile namba aliyowaandikia haipatikani tena.

Na kadi zenyewe jamani. Kuna moja niliwahi kuiona inauliza kabila, tarehe ya kuzaliwa, jina la mchungaji wa nyumbani na vipawa, utadhani mtu anaomba pasipoti! Robo ya A4 inatosha kabisa, karatasi moja steshenari inakupa kadi nne. Jina, namba, kozi, anakaa wapi (hosteli gani na bloku gani, au mtaani), halafu viboksi vya kutiki: nimekata shauri leo, nataka kikundi cha BS (kujifunza Biblia), nina maswali, naombeni mniombee, na hiki ambacho wengi wanakiogopa, NIMEKUJA TU, MSINITAFUTE. Kiwekeni. Mtu akijua ana ruhusa ya kusema hapana, ile ndiyo yake unaweza kuiamini, vinginevyo atakuandikia namba ya uongo kwa heshima tu.

Kwenye namba ya simu msichore mstari, chora vijumba kumi. Namba zetu zina tarakimu kumi, kijumba kikibaki wazi mwenyewe anashtuka hapohapo, la sivyo utakuja kukaa usiku na mwenzio mnabishana hii ni 1 au 7.

Muda wa kujaza ni watu wakiwa bado wamekaa, sio mlangoni ambako kila mtu anawahi msosi au daladala. Na wajaze wote, hata mwaka wa tatu na wanakwaya, maana ukisema "wageni tu nyoosheni mikono tuwape kadi" mwenye aibu haunyooshi ng'o. Peni ziwepo za kutosha, na mhesabu zisizorudi (hazirudi).

Usiku huohuo idara ya ufuatiliaji ikae izigawe. Waliokata shauri kwanza, kila kadi iwe na jina la mtu mmoja anayewajibika, ukisema "tutawafuatilia" ujue hakuna atakayefuatilia. Binti afuatiliwe na binti, hapa sibembelezi mtu. Kuna makaka wanachukua kadi za akina dada kwa moto wa ajabu, wiki mbili baadaye meseji zimegeuka kuwa "umekula?" saa tano usiku, na huyo dada haji tena, na wala hasemi kwa nini.

Tuma sms kabla ya kupiga. Namba ngeni siku hizi nani anapokea, watu wamechoshwa na "ile hela tuma kwenye namba hii". Jitambulishe, mkumbushe yeye mwenyewe aliandika nini: "Shalom, naitwa fulani, tulikuwa wote ibadani Jumapili, ulisema una maswali, kesho saa kumi na moja nitakuwa vimbwetani, karibu tupige stori." (Vimbwetani ni kwenye vile viti vya zege vya kusomea nje.) Basi. Usianze kumhoji wokovu wake kwenye simu. Ukikutana naye msikilize, kama ni mlutheri mwache awe mlutheri, hukutumwa kumhamisha kanisa. Paulo kwenye Matendo 15 alimwambia Barnaba warudi wakawaangalie ndugu kila mji walikohubiri wana hali gani, kwahiyo kuulizia hali ya mtu ni huduma kamili.

Kingine, acheni kupiga picha kadi na kuzirusha wasap. Mtu ameandika "mama anaumwa" au "nimetoka dini nyingine na nyumbani hawajui", na wewe unaibandika kwenye grupu la watu mia mbili? Mbali na ubinadamu, hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na imani ya mtu humo inahesabiwa kama taarifa nyeti.

Na mwaka ukiisha kuwe na makabidhiano. Faineli akimaliza anaondoka na begi lake, kadi ziko ndani, zinaishia Tabora au Songea huko. Wale ambao bado wanalelewa majina yao yaende kwa mlezi mpya, na anayeondoka amtambulishe huyo mlezi kwao ana kwa ana kabla UE (mitihani ya chuo) haijaanza, zilizobaki zote zichomwe.