Kifundo cha Mguu wa Kulia

Nilipomwonyesha baba mbwa wangu kwenye simu, aliuliza jambo moja tu: "Kaumia mguu gani?"

Mama alikuwa keshaondoka mbele ya kamera, namsikia huko nyuma akiniombea kwa Mungu. Wao wako Tanga, barazani Ngamiani, Barabara ya 12, saa ya chai ya jioni. Mimi niko Manchester, nimekaa sakafuni karibu na mbwa mrefu, mwembamba, rangi ya majivu.

"Wa nyuma, baba. Wa kulia."

"Kwa nini wa kulia?"

Hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza hilo. Huyu ni grehaundi, mbwa wa mbio aliyestaafishwa. Mbio zao za kumfukuza sungura wa bandia anayevutwa kwa mashine zilianza Uingereza mwaka 1926, hapa hapa Manchester, katika uwanja wa Belle Vue. Hutoka vizimbani mbwa sita, kila mmoja na fulana ya rangi yake, wakazunguka uwanja daima kwa kukatia kushoto. Wanaingia kona kwa kasi inayopita kilomita 60 kwa saa, mwili unavutwa kwenda nje, na kifundo cha mguu wa nyuma wa kulia ndicho kinachobeba. Kesho kona ni ile ile, upande ule ule. Vijifupa vya ndani vinachoka polepole, hadi siku kimoja kinapasuka. Wangu yalimfika akiwa na miaka mitatu. Mfupa uliunga vibaya. Ukimpapasa unakuta kinundu kigumu kama kokwa ya tende.

Baba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kama sisi kwenye tishari."

Wasioijua Tanga ya zamani niwaeleze. Maji ya gatini yalikuwa haba, kwa hiyo meli kubwa zilitia nanga mbali, na mizigo ikapelekwa na kurudishwa kwa matishari. Baba alikuwa kuli. Alishusha na kupakia marobota ya mkonge, na kila mmoja wao alikuwa na mahali pake pa kusimama. Wake ulikuwa ubavu ule ule, mwaka hadi mwaka, mguu mmoja umekaza na mwingine unafuata. Siku moja robota liliteleza likamvunja kifundo. Tangu hapo hakurudi majini. Mimi nimekua nikimsikia anavyotembea kabla sijamwona: hatua nzito, hatua nyepesi.

Na hatua za mbwa huyu sakafuni kwangu zinalia vivyo hivyo. Nilimsikia usiku wa kwanza, kucha zake kwenye mbao, nikalala macho wazi.

Mama simlaumu hata kidogo. Sisi watu wa pwani ni Mashafii, Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa kwetu ni najisi nzito: chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nimeweka ndoo ya udongo mlangoni kwa ajili hiyo. Chumba ninachosalia hakiingii, na nguo za sala zina kabati lake. Lakini mama ndiye aliyenisimulia, mimi mdogo, hadithi ya yule mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe. Nilipomkumbusha alinijibu, "Alimpa maji, mwanangu. Hakumpeleka nyumbani." Sikuwa na la kujibu. Nilijua tu kwamba utotoni, pale Makorora, niliwapiga mawe mbwa wengi ambao hawakunikosea lolote, na hilo linaniuma.

Mbwa wangu alipofika hakujua ngazi ni kitu gani. Aliishi bandani, kioo cha dirisha alikigonga kwa pua, akashangaa. Kukaa kitako humpa taabu, kwa hiyo husimama au hulala, na kulala ndiko kwingi. Nilihofu ni mgonjwa. Baba akaniambia, "Muache alale. Keshafanya kazi." Ngozi yake ni nyembamba na mafuta mwilini hana, hivyo majira ya baridi lazima avae koti, na asubuhi za umande kile kifundo hukataa kabisa. Daktari wa wanyama amempa vidonge, akasema asinenepe na atembee kidogo kidogo, pasipo mlima. Kamba siiachii hata siku moja. Akiona kindi anasahau mguu.

"Mkande kwa maji ya moto na chumvi," baba akaniagiza. Daktari alikubali kitambaa chenye uvuguvugu kabla ya kutoka, dakika kumi. Chumvi nimeiacha, ila baba sijamwambia.

Mwaka jana nilikwenda Tanga. Jioni tulitembea na baba Raskazone, anapumzika kila baada ya hatua kadhaa, nami nasimama naye bila kuulizwa, maana mwili wangu ulikwishazoea mwendo huo. Usiku wa kuamkia safari alitoa kikoi chake cha zamani, kilicholainika kwa kufuliwa, akasema kitafaa kumfunga yule mgonjwa.

Mama alikichukua mkononi mwake, akakikunja vizuri, akakiweka kwenye begi langu, ndani kabisa, chini ya bajia na halua.

"Kisirudi hapa," akasema. "Kibaki naye."